Siku Kumi, Safu Nne

Ubalozi wa Japani hauna haja ya kujua kwa nini unaipenda Japani. Unataka kujua tarehe 14 Desemba utalala wapi. Mtanzania anayeomba viza ya matembezi, pamoja na fomu, picha na taarifa ya benki, anatakiwa kuambatanisha ratiba ya siku kwa siku: tarehe, utafanya nini, namba ya simu, mahali pa kulala. Wenzetu wenye pasipoti zenye nguvu wanafika kwanza halafu ndiyo wanaamua waende wapi. Sisi tunaamua kwanza, tena kwa maandishi. Kwa hiyo ratiba kwetu ni andiko kamili. Lina msomaji mmoja, karani asiyetujua, na lina waandishi wanne ambao huu ni mwezi wa tatu hawajakubaliana.

Majina nayaacha, nitawaita kwa vyeo vyao vya kwenye kundi letu. Yupo Mhasibu, ambaye kweli ni mhasibu. Yupo Ustadhi, ambaye hajafundisha chuo chochote, ila hakosi sala na sisi hatukosi kumtania. Yupo Mwalimu, anafundisha Kiswahili sekondari. Na mimi ni katibu, maana yake ndiye ninayeshika jedwali. Tuna miaka sita tunasoma vitabu pamoja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, barazani kwa Mhasibu, chai ya tangawizi na mihogo. Mwaka mmoja tukasema tusome Wajapani tu. Ugonjwa ulianzia hapo.

Tulianza na *Kokoro* ya Natsume Sōseki, riwaya ya mwaka 1914. Jina lake watafsiri wa Kiingereza wameliacha lilivyo, kwa kuwa wanakosa neno moja la kubeba moyo, nia na hisia kwa mpigo. Mwalimu alicheka siku ile. "Sisi tunalo. Ni Moyo. Mtu ana moyo, kafanya kwa moyo, moyo umekataa. Wanahangaika nini?" Toka siku hiyo, kwetu kitabu kile kinaitwa Moyo, na mtu akisema "tukaone kaburi la kwenye Moyo," wote tunajua anasema Zōshigaya, makaburi ya Tokyo ambako mhusika anayeitwa Sensei huenda kila mwezi kumzuru rafiki yake aliyekufa ujanani. Sōseki mwenyewe, aliyefariki mwaka 1916, amezikwa hapohapo. Mwandishi kalala ndani ya kitabu chake. Mimi hiyo peke yake ilitosha kunifanya nianze kuweka akiba.

Lakini kila mtu ana Japani yake, na hilo hulijui mpaka muanze kupanga.

Japani ya Mhasibu imetoka bandarini. Ana gari lililokuja limetumika, kama magari mengi ya mji huu, na kila akiwasha asubuhi kuna dada ndani ya dashibodi anamwambia kitu kwa Kijapani. Miaka saba anaambiwa, kwa adabu kabisa, wala haelewi. Siku moja akarekodi, akamtumia mtu anayeijua lugha, akaambiwa: dada anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Miaka saba! Tangu hapo Mhasibu anataka kuiona hiyo nchi ambayo mashine yake imeendelea kuidai kadi mpaka Kimara. Anataka Shibuya na watu wake wanaovuka barabara kwa mamia, Mlima Fuji kama mawingu yataruhusu, na yale malango mekundu ya Fushimi Inari yanayopanda kilima moja nyuma ya jingine, maelfu kwa maelfu. "Mimi nataka vitu vinavyoonekana," alisema. "Hayo makaburi yenu mtanisimulia."

Japani ya Ustadhi ni filamu. Aliona *Rashōmon* ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, kwenye kompyuta ya rafiki chuoni, na hajawahi kupona. Ndiye aliyetufundisha kwamba filamu ile imechukua jina na lango kutoka hadithi fupi ya Akutagawa ya mwaka 1915, lakini kisa chenyewe, cha mashahidi wanaopingana juu ya mauaji yaleyale, kimetoka hadithi yake nyingine ya mwaka 1922. Ustadhi anataka kusimama mahali lilipokuwa lango. Nikamtafutia. Lango lenyewe lilikwisha karne nyingi zilizopita. Lilipokuwa, kusini mwa Kyoto, kuna nguzo ya jiwe yenye maandishi, katikati ya kiwanja kidogo cha watoto, pembeni hembea na mteremko wa kutelezea. Basi.

"Tunakwenda nusu ya dunia kuangalia hembea?" Mhasibu aliuliza.

"Tunakwenda kuangalia pale," Ustadhi akajibu, na kwa jinsi alivyolitamka hilo *pale*, Mhasibu aliandika dakika thelathini kwenye jedwali bila kuongeza neno.

Ndivyo jedwali lilivyopata safu nne. Mistari ni siku, safu ni watu. Mwanzo nilitaka safu moja tu, ya wote, kwa sababu ndiyo itakayokwenda ubalozini. Haikuwezekana. Kila nikiandika "Kyoto: mahekalu" mtu ananiuliza yapi, na nikitaja yapi, mtu mwingine ananuna.

Kuna mambo yaliamuliwa na dunia, si na sisi. Mwalimu hatoki mpaka shule zifungwe, kwa hiyo ni Desemba. Maua ya mcheri ya mwisho wa Machi tumeshayakosa, na majani mekundu ya Kyoto mwezi huo mengi yatakuwa chini. Kisha Ustadhi akatukumbusha jua. Tokyo, mwanzoni mwa Desemba, jua linazama karibu saa kumi na nusu jioni. Mtu wa Dar es Salaam ambaye maghribi yake haijawahi kutoka kwenye saa kumi na mbili na kitu hawezi kulielewa hilo mpaka alione kwenye jedwali: ukitoa usingizi na chai, siku ina saa nane tu za mwanga, na mahekalu mengi hufunga mapema. Siku kumi zetu zilikuwa zimekatwa kabla hatujabishana. Kwa Ustadhi tumeweka Ijumaa ya Tokyo kwenye msikiti wa Yoyogi-Uehara, uliojengwa upya mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki mahali palipokuwa na msikiti wa mwaka 1938. Mhasibu, ambaye ni Mlutheri, ndiye anayeusubiri kuliko mwenye nao, maana ameona picha za dari.

Fedha nayo ilitupunguzia maneno. Watu wote waliokwenda zamani wanakwambia ununue ile tiketi ya wageni ya kupanda treni siku saba. Mhasibu alikaa nayo usiku mmoja. Oktoba 2023 bei yake ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Sisi tunaingilia Tokyo na kutokea Osaka, haturudi nyuma. Tokyo mpaka Kyoto kwa treni ya mwendokasi ni takribani yeni 14,000, saa mbili na robo hivi. Kyoto mpaka Hiroshima ni kama 11,500. Hiroshima kurudi Osaka, kama 10,500. Jumla 36,000. "Anayewaambia mnunue hiyo tiketi," alisema, "hajui kujumlisha au alisafiri zamani." Kesi ikafungwa.

Nikiwa natafuta namna ya kuwapatanisha watu wanne ndipo nilipokutana tena na Bashō. Mwaka 1689 mshairi huyu alitoka Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, akaenda kwa miguu kaskazini hadi mikoa ambayo watu wa mjini waliiona kama mwisho wa dunia. Hakwenda peke yake. Alikuwa na Sora, mwanafunzi na rafiki, na Sora ndiye aliyepanga safari: alisoma habari za mahali, aliandika umbali, alijua walale wapi. Katibu kama mimi. Kitabu cha Bashō cha safari hiyo, *Oku no Hosomichi*, kilichapishwa mwaka 1702, yeye akiwa ameshafariki, na kwa karne mbili na zaidi watu walikisoma kama taarifa. Halafu mwaka 1943 shajara ya Sora ikachapishwa. Kumbe tarehe nyingine haziendani. Mambo mengine yamepangwa upya, mengine yametiwa chumvi kidogo ili kitabu kisimame. Watu wawili, njia moja, mvua ileile, na wakarudi na safari mbili.

Wasomaji wengine walipoliona hilo walitaka kujua nani mkweli. Mimi lilinituliza. Kama Bashō na Sora, waliokuwa wakilala chumba kimoja, hawakusafiri safari moja, basi safu zangu nne si dalili ya ugomvi. Katika bustani ya mawe ya Ryōanji, Kyoto, kuna mawe 15 juu ya changarawe nyeupe, na popote utakapokaa barazani kuna angalau moja linalofichwa na mwenzake. Tumelipangia saa nzima. Nadhani tutakaa wanne mstari mmoja na kila mmoja atakosa jiwe tofauti.

Sasa Hiroshima.

Hiroshima niliiweka mimi. Kundi letu lilisoma *Mvua Nyeusi* ya Masuji Ibuse, riwaya ya miaka ya 1960 iliyojengwa juu ya shajara za watu waliokuwepo siku ile ya 6 Agosti 1945, na Mwalimu ndiye aliyeimaliza wa kwanza. Sikutegemea upinzani kutoka kwake. Nikaandika: asubuhi, Makumbusho ya Amani, kiingilio yeni 200, mchana, kisiwa cha Miyajima, lango jekundu lililosimama baharini. Mhasibu alikuwa anasoma kwenye simu kwa sauti, kwa furaha ya mtu aliyepata mbili kwa bei ya moja: "Lile kuba la bomu na hilo hekalu la Miyajima yote yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwezi mmoja. Desemba 1996."

"Mwaka huo naujua," Mwalimu akasema. Kisha: "Mimi hiyo siku mnitoe."

Sote tunajua ilivyokuwa kwa Mwalimu mwaka 1996, ila hatukuwahi kulizungumza barazani. Tarehe 21 Mei mwaka ule meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Walikufa mamia. Baba yake alikuwemo. Yeye alikuwa darasa la tatu. Wengi wa waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, na kila mwaka tarehe hiyo watu wanakwenda pale. Yeye huenda baadhi ya miaka. Mwaka huu imetimia thelathini.

Ustadhi, ambaye ana upole lakini hana breki, alijaribu. Akasema makumbusho yale si mchezo, si watu wanakwenda kupiga picha za kucheka. Alikuwa amesoma habari za baiskeli ya mtoto, ya magurudumu matatu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, alikuwa akiiendesha nje ya nyumba yao bomu lilipopiga, akafa usiku ule. Baba yake aliona ni mdogo mno kulala kaburini peke yake mbali na nyumbani. Akamzika uani pamoja na baiskeli yake. Mwaka 1985, baada ya miaka 40, akamfukua, akaihamisha mifupa kwenye kaburi la familia, na baiskeli akaipa makumbusho. Ipo mpaka leo.

"Kwa hiyo mwenyewe ndiye aliyeitoa," Ustadhi alisema. "Hakuporwa na mtu. Alitaka ionekane."

Mwalimu alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu.

"Alikaa nayo miaka arobaini," alisema. "Mimi ndiyo kwanza thelathini."

Nikajaribu na mimi, kwa njia ya vitabu, kwa kuwa ndiyo njia ninayoijua. Nikamwambia lakini Ibuse ulimsoma wewe kabla yetu sote. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa. "Katibu, kitabu unakifunga. Unakwenda kupika. Pale nitakuwa kwenye foleni, mbele yangu watu, nyuma yangu watu, nafuata mshale. Msiba wenye mshale mimi siuwezi."

Tuliliacha. Wiki mbili jedwali lilikaa na mstari mmoja mtupu, na mimi usiku narudi kulitazama. Nilichofanya ni kukifungua tena kile cha mwanzo, Moyo. Msimulizi wa kitabu kile, kijana, anamfuata Sensei mpaka Zōshigaya bila kualikwa, na Sensei anashtuka. Baadaye anamweleza kwamba kaburi lile hulizuru peke yake, kwa sababu asiyoweza kuisema, na kwamba hata mkewe hajawahi kwenda naye. Tulikisoma wote, tukakizungumza saa tatu na mihogo ikapoa. Na mstari wa siku ya pili wa jedwali letu unasema: *Zōshigaya, wote wanne, saa 4 asubuhi.*

Nilimpigia Mwalimu nikamsomea mstari huo. Alicheka sana, cheko lake lile la darasani. Halafu, kwa sababu tulikuwa wawili tu na simu, akaniambia jambo ambalo si la makumbusho kabisa.

"Hilo la makumbusho mngenishawishi. Shida yangu ni huko mchana. Hicho kisiwa kinafikiwaje?"

Kwa boti. Dakika kumi. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa herufi ndogo, kama mtu anavyoandika nauli.

Miaka thelathini hajapanda chombo cha majini. Kutoka Mwanza kwenda kwao hupita barabarani, basi, kuuzunguka ule ubavu wote wa ziwa, na hata kule njiani pakitokea kivuko anatafuta njia nyingine. Mwaka 2020 meli ya Mwanza na Bukoba iliporudi majini baada ya matengenezo, ndugu zake walipanda wakamtumia picha. Alizitazama, akawajibu kwa kuwapongeza. Haoni aibu juu ya hilo, alisema, ila hataki kusimama gatini ugenini watu watatu wanamwambia *dakika kumi tu, dakika kumi tu.* "Bora niseme nachukia makumbusho. Makumbusho mtu anaruhusiwa kuyachukia."

Sikumshauri kitu. Nilimwambia tu kile ambacho kazi ya ukatibu imenifundisha: kuna tramu. Hiroshima ni mji wa tramu. Tarehe 9 Agosti 1945, siku tatu baada ya bomu, kipande cha njia kilikuwa kimeshafunguliwa na tramu inatembea, katikati ya mji ambao haupo. Wasichana wa shule walikuwa miongoni mwa waliozifanyia kazi, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vitani. Na yapo mabehewa, namba 651 na 652, yaliyopitiwa na siku ile, yakatengenezwa, na bado yanabeba abiria.

"Yanabeba abiria wa kawaida? Au ya kuonyesha?"

"Ya kawaida. Watu wanakwenda kazini."

"Hiyo," Mwalimu akasema, "niandikie."

Kikao kilichofuata niliwaambia wenzangu kwamba siku ya Hiroshima itakuwa na safu nne kweli, si nne za kubishania moja. Sikueleza zaidi na hawakuuliza. Ustadhi aliinua kikombe chake tu. Yeye na mimi tutakwenda makumbusho, kila mtu kwa mwendo wake, tukutane nje. Mhasibu ataanza na Miyajima asubuhi, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu maji yakitoka lango linasimama kwenye tope na yeye hajalipa nauli yote hiyo kuona tope. Zōshigaya nayo nimeifuta ile saa 4 na lile *wote wanne*. Imebaki jina la mahali na asubuhi nzima, atakayetaka atakwenda.

Kuna wanaosema safari ya marafiki inavunjwa na fedha, au na yule anayechelewa kuamka. Kweli, vyote hivyo tutavipata. Lakini nilichokiona katika miezi hii mitatu ni kwamba kupanga pamoja ni kusomana. Unaandika "boti, dakika kumi" na mtu wa miaka sita anasoma kitu ambacho hukukiandika. Ukimlazimisha akubali, utapata ratiba nadhifu yenye safu moja. Ukimwachia nafasi, huenda akaijaza mwenyewe.

Juzi nimefungua jedwali nikakuta Mwalimu ameingia usiku na kujaza safu yake ya siku ile. Hakuandika 651 wala 652. Ameandika: *Tramu namba 2, kutoka stesheni, mpaka mwisho wa njia.*

Nikaenda kutazama ramani. Namba 2 inapita mbele ya lile kuba, inaendelea magharibi kwa karibu saa nzima, na inaishia Miyajimaguchi, hatua chache kutoka gati la boti za kisiwani.

Mchana wake, chini ya mstari huo, ameuacha wazi. Mhasibu aliuona akauliza kwenye kundi kama tumsaidie kuujaza. Nikamwambia uacheni hivyohivyo.